Moja kwa Kumi

Lori la gereza lilikuwa linaondoka saa kumi alasiri. Afande Masoud aliitaja saa hiyo mara mbili, ili Inspekta Mjaka Shaame asije akasema hakusikia.

"Saa kumi Muhiddin anapanda. Akishapanda, faili si letu tena. Na huko anakokwenda, mafaili hayasomwi."

Mjaka alikuwa amesimama kwa sababu ofisi ile ilikuwa na kiti kimoja tu. Dirisha lilipigiliwa mbao mwaka uliopita kioo kilipovunjika, na tangu hapo kila aliyeingia alitoka shati limemganda mgongoni.

"Muhiddin hakuua, afande."

"Soma hapa." Masoud aliisukuma karatasi mezani. "Maneno yake mwenyewe. 'Nilikwenda kwa Darwesh kuchukua fedha.' Darwesh sonara anakutwa dukani kwake Kiponda, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani. Siku ile ile huyu anakamatwa Darajani na kapu la fedha. Unataka nini zaidi? Picha?"

"Sajini Hija kaandika alivyosikia. Wewe umesoma pesa. Muhiddin alisema fedha, ile yenyewe inayopigwa nyundo. Kapuni mlikuwa na riale themanini na tatu, zile za zamani zenye sura ya malkia. Hata muhogo hazinunui siku hizi."

"Fedha ni fedha."

"Basi kwa nini aliiacha dhahabu?"

Masoud alilitazama kabati lake. Jana yake, Jumatatu, Hija alikuwa amechokora majivu ya jiko la marehemu akatoa kalibu ya kuyeyushia yenye tonge la dhahabu lililoganda. Kilikuwa kidani kilichoyeyushwa. Kiungo kimoja hakikushika moto sawasawa, kikabaki kimejishika pembeni. Tonge lilitoka uzito wa tola ishirini kwenye mizani ile ile ya Darwesh. Masoud alilifungia kabatini mwake, na mpaka sasa waliojua habari hiyo walikuwa watatu.

"Hakuiona," Masoud alisema hatimaye. "Ilikuwa majivuni. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne."

"Una saa sita. Ukirudi bila mtu, unatia sahihi yako chini ya yangu."

* * *

Muhiddin alikuwa hamali wa gari la mkono, mtu wa miraba minne. Chumba cha mahabusu kilikuwa kifupi kuliko yeye. Akilala ilibidi akunje magoti. Hakikuwa na dirisha. Mwangaza uliingia kwa tundu la mlango, ukubwa wa sahani, na Mjaka alipoingia mlango ukafungwa nyuma yake, mwangaza wenyewe ulibaki kidogo.

"Nani alikupa kidani?"

"Nshasema. Niliokota."

"Wapi?"

"Michenzani. Kwenye kifusi cha nyumba zinazovunjwa."

"Kifusi cha Michenzani kina baraka. Mwezi huu wewe wa tano kuokota dhahabu."

Muhiddin alitazama magoti yake.

"Haya. Uliokota. Ukampelekea Darwesh, akakupa riale. Nimezipima asubuhi. Tola mia mbili, kasoro punje. Kidani tola ishirini. Nani alikupangia bei hiyo?"

"Hakuna aliyepanga. Ndiyo bei yake. Moja kwa kumi. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Basi hukusoma, Bwana Mjaka."

Askari aliyekuwa nje ya mlango alicheka. Mjaka hakucheka. Aliacha chuo cha Kurani akiwa na miaka tisa, msimu wa karafuu Kidichi, na hakurudi.

"Darwesh alisemaje ulipomtajia kumi?"

"Hakusema. Alicheka, akapima hapo hapo. Hakubishana hata kidogo."

"Sonara asiyebishana. Hukushangaa?"

"Mimi nistaajabu nini? Hata mwenyewe alipo..." Muhiddin alifunga mdomo. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, likadondoka.

"Mwenyewe nani?"

Muhiddin alijifuta kidevu kwa bega.

"Muhiddin, saa kumi unapanda lori. Wanakuandikia roho ya mtu."

"Kama imeandikwa, imeandikwa."

Mjaka alikaa naye nusu saa nyingine na hakupata hata neno. Alipogonga mlango atolewe, askari alikuwa amekwenda kunywa chai na ufunguo. Alisubiri dakika ishirini ndani, amesimama, Muhiddin ameketi, na wote wawili wakiutazama ule mlango.

* * *

Siku mbili za mwanzo Mjaka alizipoteza akimtafuta hawara. Bi Shariffa, mjane wa Darwesh, alikuwa eda ghorofani juu ya duka, na miezi minne na siku kumi hatoki. Alizungumza naye kupitia pazia. Bi Shariffa alisema Jumamosi, baada ya adhuhuri, alisikia sauti ya mwanamke dukani ikisema, "Nirudishie." Neno hilo tu. "Mwanamke anamwambia mume wangu nirudishie," alisema pazia likitikisika, "wewe unadhani anadai nini?" Mjaka akadhani alivyodhani yeye. Alizunguka Kiponda nzima na Malindi akiuliza nani alikuwa na Darwesh, na jibu lilikuwa hakuna. Darwesh hakupenda mwanamke wala mwanamume. Alipenda mizani.

Sasa alikwenda Mkunazini kwa Mzee Salem, sonara wa zamani, akiwa na Hija nyuma yake. Salem hakuwa na dhahabu tena. Alikuwa akiziba kwa risasi iliyoyeyushwa matangi ya majiko ya mafuta ya taa, na duka lote lilinuka hivyo.

"Shikamoo, Mzee Salem."

"Marahaba. Ikiwa umeniletea ruhusa yangu ya safari, kaa. Ikiwa umekuja kwa dhahabu, sina."

"Nna swali tu. Tola moja ya dhahabu inakwenda kwa tola ngapi za fedha?"

Salem aliweka chini chuma chake cha moto. "Wewe wa pili kuniuliza hilo."

"Wa kwanza nani?"

"Ngoja nikujibu kwanza. Leo ni ishirini. Mtu akibanwa sana, kumi na nane."

"Na kumi?"

"Kumi ipo kitabuni. Zaka ya dhahabu inaanzia mithkali ishirini, ya fedha inaanzia dirhamu mia mbili. Mtu anagawa, anapata kumi, anaridhika. Lakini ile ni hesabu ya sarafu, bwana. Dirhamu ni nyepesi kuliko mithkali. Ukiziweka kwenye mizani, hata zama zile ilikuwa saba kwa moja."

"Fedha ilikuwa na thamani hivyo?"

"Fedha ilikuwa bi harusi. Sasa ni mpishi wa harusi." Alijifuta mikono. "Babu yangu kule Maskati alibadilisha kwa kumi na tano, kumi na sita. Kisha Wazungu wakaacha kupiga sarafu za fedha, nchi moja baada ya nyingine, ikamwagika masokoni. Baba yangu akaona thalathini na kitu. Mimi mwenyewe, kabla ya vita vya Hitla, nimeona sabini. Sasa imepanda tena. Inapanda, inashuka. Kumi haikurudi."

"Na mtu akitoa dhahabu yake kwa kumi?"

"Kaibiwa nusu. Na akilipwa kwa riale, zaidi ya nusu, maana riale sehemu moja katika sita ni shaba."

"Na sonara aliyeletewa kwa kumi?"

"Atapima haraka. Na atayeyusha haraka zaidi, mwenyewe asije akarudi."

Hija aliacha kuandika akamtazama Mjaka.

"Sasa huyo wa kwanza," Mjaka alisema.

"Mwanamke. Jumamosi, karibu inaadhiniwa adhuhuri. Kavaa buibui, hakufunua uso, hakuingia ndani. Sauti ya mtu mzima. Nikamwambia ishirini. Unajua alisemaje? Alisema, 'Tangu lini?'"

"Tangu lini."

"Mtu wa soko hasemi tangu lini. Atasema ghali, au atasema rahisi. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaondoka."

"Njia gani?"

"Ya Kiponda."

Nje, kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba baiskeli ya muuza kahawa iliwalazimisha wabane ukutani. Mjaka hakuondoka ukutani baiskeli ilipopita.

"Hakuwa hawara," alisema. "Alitaka kurudishiwa kidani. Alijifunza bei kwenye kitabu, akamtuma Muhiddin asikubali chini ya kumi. Darwesh akacheka. Yeye alipoambiwa Darwesh kacheka, akashtuka, akaja kumuuliza Salem. Muhiddin kaniambia mimi sikusoma. Yeye alisoma kwa nani?"

Hija alikuwa mtoto wa Jang'ombe, mtaa mmoja na Muhiddin. Alifunga daftari lake kwanza.

"Kwa Bi Mize. Jang'ombe yote imesoma kwa Bi Mize. Hata mimi nna alama ya fimbo yake ya mkwaju hapa."

"Twende."

"Afande, mimi ntabaki nje."

* * *

Chuo cha Bi Mize kilikuwa ukumbi wa nyumba yake, mkeka mmoja na watoto kumi na wanne. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushee, mwembamba, ameketi kuegemea ukuta. Mtoto mmoja alikuwa mbele yake akisoma, na Bi Mize alimfuatishia herufi kwa kijiti.

Mjaka alipiga hodi, akaamkia, akakaribishwa. Hakukaa. Alikuwa akitazama kijiti. Kilikuwa katika mkono wa kushoto. Hata yeye aliyeacha chuo na miaka tisa alijua kwamba mwalimu haonyeshi juzuu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya kanga.

"Mwalimu, nisomeshe jambo moja. Zaka ya dhahabu inaanzia wapi?"

"Mithkali ishirini."

"Na ya fedha?"

"Dirhamu mia mbili." Alijibu upesi, kama alivyojibu miaka arobaini. Kisha kijiti kikasimama juu ya herufi.

"Nendeni majumbani," aliwaambia watoto. "Msivuke mbio, yako malori ya saruji."

Walipokwisha kutoka, alifunga mlango mwenyewe akatia komeo. Ukumbi ukawa giza.

"Mkono una nini, mwalimu?"

"Nlikuwa nnakaanga. Mafuta."

"Mafuta huruka juu ya mkono. Nionyeshe kiganja."

Bi Mize alifungua kitambaa polepole. Kilikuwa kimepakwa shubiri. Kiganja na vidole vyote vinne vilikuwa vimeungua kwa mstari mmoja, pale mkono unapokunjwa kushika kitu.

"Hukukaanga. Ulishika."

"Nusu kilikuwa ndani ya moto, nusu kiko nje," Bi Mize alisema. "Nilikiona kinang'aa. Nikakishika."

"Kidani cha nani?"

"Cha Bi Bahiya, jirani yangu. Alipoondoka mwaka wa sitini na nne alinipa amana, akaniambia miezi mitatu. Huu mwaka wa sita. Mwezi uliopita imekuja barua, mtoto wake anaolewa, kidani kije. Kije vipi? Dhahabu haipiti bandarini bila karatasi, na karatasi mimi nani atanipa? Lakini riale moja, mtu akaitia mfukoni, nani atamuuliza? Kila mwenye ruhusa ya safari angebeba moja. Ingechukua miaka. Lakini ingefika."

"Ukamtuma Muhiddin."

"Nikamwambia asikubali chini ya kumi. Aliporudi akanambia, mwalimu, hata hakubishana, kacheka tu. Nikamwambia kaa na kapu mpaka magharibi, nikavaa buibui nikenda kuuliza." Alitazama mkeka mtupu. "Watoto wote wa mtaa huu wameichukua hesabu ile kwangu."

"Kisha ukenda kwa Darwesh."

"Nikamwambia nimekosea, zile riale ntakuletea zote, nirudishie. Akasema, umetaka kumi, nimekupa kumi. Akachukua koleo akakisukuma chote motoni, ananitazama usoni. Mkono wa kulia ukaungua. Jiwe la mizani lilikuwa karibu na wa kushoto."

Nje Hija alikohoa. Lori lilipita, ukuta ukatikisika.

"Mara ngapi?" Mjaka aliuliza.

"Mara moja. Hakupiga hata kelele."

"Muhiddin anajua?"

"Anajua kidani tu. Yuko wapi? Nilisikia wamemshika, nikasema watamwachia, hakufanya kitu."

"Saa kumi wanampeleka kwa roho ya Darwesh. Hajataja jina lako siku tatu."

Bi Mize aliinuka, akalitoa buibui kwenye msumari. Alijifunga kamba yake kwa mkono mmoja na meno. Mlangoni alisimama.

"Ile dhahabu na zile riale. Zitakwenda kwa nani?"

"Zitaandikwa vielelezo."

"Yaani hazitoki."

"Hazitoki."

Alitingisha kichwa, akajaribu kuvuta komeo kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa gumu. Mjaka akamfungulia.

* * *

Saa kumi kasorobo lori lilikuwa uani, injini inanguruma. Muhiddin alikwisha kupandishwa, pingu mikononi. Alimwona Bi Mize akishuka kwenye Landrova, akasimama kwa nguvu hata lori likayumba.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua Darwesh. Niandike mimi, afande. Huyo mama mrudisheni kwake."

Afande Masoud alitoka ofisini na faili. Mjaka alimweleza kwa maneno machache. Masoud alimtazama Bi Mize, kisha Muhiddin.

"Asubuhi nilikuwa na muuaji mmoja aliyekataa. Sasa nna wawili wanaogombania maiti moja." Aliangalia saa. "Lori lina nafasi. Wapande wote."

"Nipe maswali mawili," Mjaka alisema.

"Una dakika tano."

Mjaka alisogea kwenye lori. "Muhiddin, umemuua. Kidani umekifanya nini?"

"Nilikichukua tena. Nikakitupa."

"Wapi?"

"Kisimani."

"Kizima?"

"Kizima kabisa. Kilivyo."

Masoud aligeuza macho kuelekea mlango wa ofisi yake, lilimo kabati.

"Nionyeshe viganja," Mjaka alisema.

Muhiddin alivifungua pamoja na pingu. Vilikuwa vigumu kama kwato, sugu juu ya sugu, na havikuwa na jeraha hata moja.

"Mwalimu, na wewe."

Bi Mize alifungua kitambaa. Masoud alikaribia, akainama, akautazama mkono ule muda mrefu. Kisha akafunga faili.

"Sajini Hija, andika upya. Mtu mmoja."

Hija alisema hana kalamu. Alikuwa nayo, lakini aliitafuta mfukoni mpaka Masoud akampa yake.

"Muongo huyu mama," Muhiddin alisema juu ya lori. "Mzee, anasahau. Msimsikilize. Nshakiri mimi, mnataka nini tena?"

"Muhiddin," Bi Mize alimwita.

"Naam, mwalimu."

"Mimi ndiye niliyekusomesha uongo?"

Uso wa Muhiddin ukawa kama wa mtoto aliyekosea herufi.

"Teremka," Bi Mize alisema.

Muhiddin hakumtazama askari wala Masoud. Aliteremka. Askari wa lori alingoja amri, hakuipata, akamfungua pingu.

"Bado sijasali alasiri," Bi Mize alisema. "Udhu ninao."

"Dakika kumi," Masoud alisema. "Ndani, mlango ufungwe. Sitaki mtu anikimbie kwa kisingizio cha sala."

Mjaka alimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha mahabusu. Bi Mize aliingia, akasimama katikati, akageuka huku na huku. Gizani hakuona mbali zaidi ya mkono wake.

"Kibla kiko wapi humu?"

Mjaka hakujua. Sauti ilitoka nyuma yake, ukumbini, ambako Muhiddin alikuwa amesimama akijisugua vifundo na hataki kuondoka.

"Ndio huo mlango, mwalimu."

Bi Mize akageuka akauelekea. Mjaka alikuwa bado ameushika. Walitazamana, kisha Bi Mize akateremsha macho akanyanyua mikono miwili, ule mzima na ule ulioungua, na Mjaka akaufunga mlango akazungusha ufunguo.